Tekila ya pipa, kahawa na vitamutamu: nini kinapatana na nini kinagombana

Tekila nzuri, kikombe cha kahawa na kipande cha chokoleti baada ya mlo vinasifiwa kama ndugu watatu wasioachana. Sifa hizo ni za kweli nusu. Vikipangwa vizuri, mwaloni wa pipa, moshi wa kahawa na utamu wa kakao vinabebana. Vikipangwa ovyo, tekila inawaka mdomoni kama pilipili, kahawa inageuka maji machungu na chokoleti inabaki kwenye ulimi kama nta. Anayelaumiwa kwa kawaida ni chupa, ilhali mkosaji mara nyingi ni kahawa: imeletwa ya moto mno, imekaangwa mpaka nyeusi tii, tena imenywewa kabla ya zamu yake.

Hapa tunaupima utaratibu mzima: chupa, kikombe, kisahani na mpangilio wa kuvinywa.

Tuanze na chupa

Tekila inatokana na agave ya buluu, jamaa wa mkonge, na kwa mujibu wa sheria ya Meksiko inaweza kutoka jimbo lote la Jalisco na baadhi tu ya maeneo ya Guanajuato, Michoacán, Nayarit na Tamaulipas. Kwenye lebo kuna mambo mawili ya kusoma kabla ya kuangalia bei. La kwanza ni maneno "100% de agave". Yasipokuwepo, hadi asilimia 49 ya sukari iliyochachushwa inaweza kuwa ya miwa au ya kitu kingine, na kinywaji cha namna hiyo hakina mwili wa kusimama mbele ya kahawa. La pili ni namba ya NOM, inayoonyesha kiwanda kilichoipika. 1493 ni La Fortaleza, mjini Tequila. 1139 ni La Alteña, Arandas, kwenye nyanda za juu za Jalisco. Chapa nyingi zenye majina ya kuvutia hutoka kwenye namba moja, kwa hiyo namba inasema zaidi kuliko umbo la chupa.

Umri nao una masharti yake. Reposado imekaa kwenye mwaloni angalau miezi 2. Añejo imekaa angalau mwaka 1, ndani ya mapipa yasiyozidi lita 600. Extra añejo, daraja lililoongezwa mwaka 2006, inahitaji angalau miaka 3. Blanco haijakaa, au imekaa muda usiofika miezi miwili.

Kwa meza hii, añejo ndiyo mwenyewe. Pipa limeipa vanila, nazi kidogo na chembe ya karafuu, lakini agave iliyopikwa bado inasikika, ule utamu wa kiazi kitamu kilichochomwa ambao ndio roho ya tekila. Harufu ya vanila na ile ya moshi mwepesi zinapatikana pia kwenye kahawa iliyokaangwa, na hapo ndipo vinywaji hivi viwili vinaposhikana mikono. El Tesoro Añejo, ambayo agave yake husagwa kwa tahona, gurudumu kubwa la jiwe, na ambayo hukaa kwenye mapipa yaliyowahi kubeba bourbon, wiski ya Marekani, ni mfano mzuri. Ni kavu na ina pilipili manga mwishoni, kwa hiyo inaacha nafasi ya utamu kutoka kwenye kisahani. Kwenye meza hii tunaipa 9 kwa 10.

Reposado ni chaguo la pili, na kwa anayeanza huenda likawa la kwanza. Fortaleza Reposado ina mafuta ya agave yanayokaa kwenye ulimi, mbao kidogo, na harufu ya maganda ya chungwa inayopenda sana kahawa yenye uchachu. Udhaifu wake ni mmoja: chokoleti chungu ya asilimia 80 kwenda juu inaifunika kabisa.

Don Julio 1942 ndiyo wengi wanayoifikiria pakitajwa tekila ya baada ya mlo. Ni laini, na imejaa karameli na vanila. Shida yake ni kwamba inafika mezani tayari ni kitamutamu. Ukiiweka na cajeta, karameli ya maziwa ya mbuzi, au chokoleti ya maziwa unakuwa umeweka sukari juu ya sukari, na baada ya mafunda mawili huonji kitu. Inywe na kahawa peke yake, au na lozi zilizokaangwa bila chumvi. Hapo inapendeza.

Extra añejo tunaiacha nje, ingawa ndiyo ghali zaidi. Miaka mitatu na zaidi ndani ya pipa inaisogeza upande wa brandi: mbao nyingi, agave ya kutafuta kwa tochi. Mbao hizo zina ukavu unaokamata fizi, kahawa nayo ina ukavu wake, na vikikutana mdomo unakauka kama umetafuna ganda la chai. Extra añejo inywe peke yake, siku nyingine. Cristalino, yaani añejo iliyochujwa kwa mkaa mpaka rangi ikaondoka, ina kasoro ya upande wa pili: mkaa umebeba rangi pamoja na sehemu ya ukavu ambao ungeishika chokoleti.

Kuna jambo moja la kuchunguza kabla ya kununua. Kanuni zinaruhusu karameli ya rangi, dondoo ya mwaloni, gliserini na shira ya sukari kuongezwa hadi asilimia 1 ya uzito, bila kutajwa kwenye lebo. Kwa vitamutamu hili lina uzito, kwa sababu ladha ya kubandika huporomoka mara tu kitu kitamu halisi kikiingia mdomoni. Dondosha matone mawili kwenye kiganja, sugua, acha yakauke. Kiganja kikinata na kunukia keki ya vanila, shuku. Kikinukia agave na mbao, endelea. Kipimo hiki hakithibitishi kitu mbele ya hakimu, lakini mezani kinatosha.

Kahawa ndiyo yenye kesi

Ukitaka kuelewa kwa nini kahawa ya moto na tekila vinagombana, anza na ulimi. Mdomoni kuna vipokezi vinavyoashiria maumivu ya joto, na kwa kawaida huanza kulalamika joto likifika takriban nyuzi 43 za Selsiasi. Kileo kinashusha kiwango hicho hadi karibu nyuzi 34, ambayo ni chini ya joto la mwili. Ndiyo maana pombe kali inahisiwa kama inachoma hata ikiwa baridi. Sasa mimina kahawa ya nyuzi 70 juu ya ulimi uliotoka kupokea tekila sekunde tano zilizopita: maumivu yanakuja mara mbili, na ladha yote inapotea nyuma yake. Vipokezi hivyo hivyo ndivyo vinavyopokea ukali wa pilipili, jambo ambalo tutalirudia kwenye kisahani.

Kwa hiyo kahawa inywewe ikiwa kati ya nyuzi 50 na 55. Asiye na kipimajoto ashike kikombe chembamba kwa kiganja kizima: kikishikika bila kuhamisha mkono, kiko tayari. Usipashe kikombe moto kabla ya kumimina, tofauti na desturi ya kahawa nyingine. Hapa tunataka kahawa ipoe haraka.

Ukaangaji uwe wa wastani. Buni zilizokaangwa mpaka zikatoa mafuta na kung'aa zina uchungu wa majivu, na uchungu huo unakaa kwenye ulimi kwa dakika kadhaa. Tekila inayofuata inaonekana nyembamba na kali. Zilizokaangwa kidogo mno nazo zina uchachu wa limau unaoipa añejo ladha ya chuma. Kahawa iliyooshwa, yaani buni zilizotolewa nyama ya tunda kwa maji kabla ya kukaushwa, kutoka nyanda za Veracruz, kama Coatepec, au ya Chiapas, inaingia vizuri: ina kakao, karanga na uchachu wa tufaha uliotulia. Si kwa sababu zote ni za Meksiko, ingawa hilo nalo lina raha yake.

Namna ya kuitengeneza ni hii. Gramu 15 za kahawa iliyosagwa kiasi cha chumvi ya mezani au kubwa kidogo, gramu 240 za maji ya nyuzi 93, chujio la karatasi. Lowesha kwa gramu 40 za maji, subiri sekunde 30, kisha mimina yaliyobaki kwa awamu mbili. Yote yawe yameshuka ndani ya dakika 3. Ikipita dakika 4, kahawa imesagwa laini mno na itakuwa chungu. Ikiisha kabla ya dakika 2, itakuwa na uchachu mtupu. Kiasi hicho kinatosha vikombe vitatu vidogo. Karatasi ina kazi ya ziada: inazuia mafuta ya kahawa, ambayo yangekaa juu ya yale ya kakao na kuufanya ulimi mzito.

Espresso inawezekana, ila haisamehi. Gramu 18 za kahawa zitoe gramu 36 za kinywaji kwa sekunde 25 hadi 30, kisha ongeza gramu 40 za maji ya uvuguvugu. Ikinywewa bila maji, inaua kila kitu kilichoko mezani, chokoleti ya asilimia 85 ikiwemo.

Halafu kuna café de olla, kahawa ya Meksiko inayochemshwa na mdalasini na piloncillo, ambayo ni sukari guru yao. Na reposado inapatana ajabu, lakini ipunguzwe utamu. Lita 1 ya maji, kijiti kimoja cha mdalasini laini, gramu 40 za sukari guru (mapishi ya kawaida hufika 100). Chemsha kwa moto mdogo dakika 10, epua, tia gramu 60 za kahawa iliyosagwa mawe mawe, funika dakika 5, chuja kwa kitambaa. Kosa kubwa ni kuiacha kahawa ichemke pamoja na mdalasini. Uchungu wake hauondoki tena. Jambo la kuangalia: vyungu vya kienyeji vya Meksiko vyenye rangi ya kung'aa vinaweza kuwa na madini ya risasi, yenye sumu, kwenye ile rangi. Kama hakuna uhakika kwamba chungu chako hakina risasi, tumia sufuria ya chuma cha pua. Ladha ya udongo utaikosa, tumbo halitalalamika.

Maziwa? Hapana. Protini zake zinaifunga kahawa na kuipoza ladha, na kabla ya zamu ya pili mdomo umeshapata utando.

Kisahani

Kanuni ni moja: kitamutamu kiwe kidogo, na kiwe na kitu kingine zaidi ya sukari, iwe mafuta, uchachu, chumvi au uchungu. Sukari tupu inaifanya tekila ionekane chungu na kali kuliko ilivyo, na si rahisi kurudi nyuma.

Chokoleti ya asilimia 70 ndiyo mhimili. Kipande cha gramu 5, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, kikiwa kwenye joto la nyuzi 20 hadi 22. Siagi ya kakao inayeyuka karibu na nyuzi 34, kwa hiyo joto la mdomo linatosha, mradi kipande hakijatoka kwenye friji. Kikitoka kwenye friji kinavunjika kama chaki, kinakataa kuyeyuka, na kinabaki vipande vipande kati ya meno wakati tekila imeshapita. Punje mbili tatu za chumvi juu yake zinapunguza uchungu na kuitoa vanila mbele. Hapa ndipo mahali pekee pa kunyunyiza chumvi kwenye meza hii. Chumvi na ndimu za kulamba kabla ya kunywa zinafunika ukali, na chupa nzuri haina cha kufunikwa. Vibao vya chokoleti vya Oaxaca, vile vya kukorogea kinywaji, vina sukari ya kukwaruza na mdalasini mwingi. Ni vitamu kweli, lakini viache kwa kazi yake.

Vitamutamu vya Meksiko vyenyewe vinastahili muda zaidi. Glorias za Linares, za maziwa ya mbuzi na kokwa za pekani, ni rafiki mkubwa wa añejo: pekani ina ukavu wa ganda lake, maziwa ya mbuzi yana uchachu kidogo, na karameli inaungana na pipa. Nusu ya kimoja inatosha. Cajeta ya Celaya inafaa kwa robo ya kijiko cha chai tu, ikipakwa kwenye oblea, ile kaki nyembamba kama karatasi. Watu huzidisha hapa. Kijiko kizima cha cajeta kinamaliza shughuli.

Kashata za nazi, wanazoziita cocada, zinapendwa na tekila zilizokaa kwenye mwaloni wa Marekani, kwa kuwa mbao hizo zina harufu inayofanana na nazi. Chagua zilizookwa zikabadilika rangi juu. Kashata za karanga zina faida ya chumvi, ila sukari yake iliyoungua ikiwa nyeusi inaongeza uchungu kwenye kahawa. Alegría, vipande vya mbegu za mchicha zilizoshikwa na asali au sukari guru, ni vyepesi na havichoshi. Tatizo lake ni kunata kwenye meno, kwa hiyo maji yawe karibu.

Na blanco, tuliyoitelekeza, ina mwenza mmoja: ate ya mapera, ile jemu ngumu inayokatwa kwa kisu. Uchachu wa mapera unashika mkono wa agave mbichi, na kahawa iliyokaangwa kidogo inaweza kufuata bila ugomvi.

Ukwaju wenye pilipili usiuweke. Pilipili na kileo vinagonga vipokezi vile vile, na kahawa ya uvuguvugu inamwagia petroli. Pipi za mnanaa nazo zifukuzwe, pamoja na matunda makavu yaliyopakwa sukari.

Mpangilio wa kunywa

Mililita 20 za tekila kwa kila mtu, kwenye glasi yenye tumbo na mdomo uliobana kidogo. Ile nyembamba ya Riedel iliyotengenezwa mahususi kwa tekila ni nzuri. Glasi ndogo ya divai nyeupe inafaa vile vile. Caballito, kile kiglasi kilichonyooka cha kumeza mara moja, kinapeleka mvuke wote wa kileo puani. Tekila iwe ya nyuzi 18 hadi 20. Ikitoka kwenye friza inakuwa nzito na bubu.

Mimina, kisha iache dakika 10. Tumia muda huo kutengeneza kahawa, ipoe wakati mnaanza.

Funda la kwanza liwe dogo, nusu ya kijiko cha chai, lizungushwe mdomoni, limezwe, kisha pumzi itolewe kwa pua. Litachoma, funda la kwanza huchoma daima, usilihukumu. La pili ndilo la kuonjea. Baada yake weka chokoleti juu ya ulimi na uimung'unye bila kuitafuna. Inapofika nusu, ikiwa imepaka ulimi wote lakini kiini bado kigumu, piga funda la tatu juu yake. Mafuta ya kakao yanapunguza makali ya kileo, harufu inapanda nyuma ya pua, na kwa sekunde tano hivi huwezi kusema vanila inatoka wapi. Utaratibu wote upo kwa ajili ya sekunde hizo tano.

Kisha subiri dakika nzima. Ndipo kahawa, mafunda mawili madogo. Kahawa inakuja mwisho kwa sababu uchungu wake unang'ang'ania. Ukiitanguliza, tekila nzima inayofuata utainywea kwenye ulimi uliochoka. Baada yake sukutua kwa maji yasiyo baridi, pumzika dakika 2, rudia.

Wanaomwaga tekila ndani ya kahawa wana njia yao, na haina ubaya, ila ni kinywaji kingine. Chapa ya tekila ya Patrón iliwahi kuuza XO Cafe, tekila iliyochanganywa na kahawa yenye asilimia 35 ya kileo, ikaacha kuitengeneza mwaka 2021. Carajillo inayopendwa kwenye mikahawa ya Meksiko kwa kawaida haina tekila hata tone. Ni espresso na Licor 43, pombe tamu ya Hispania. Añejo ya maana ndani ya kahawa ya moto inapoteza kila kilicholipiwa kwenye pipa, kwani mvuke unaondoka na harufu na kuacha mwasho.

Kiasi kinahitaji macho. Glasi tatu za mililita 20 ni mililita 60. Kwa asilimia 40 hiyo ni takriban gramu 19 za kileo kitupu. Kafeini inaficha usingizi wa pombe bila kuiondoa pombe yenyewe, kwa hiyo mnywaji anajiona yuko macho wakati uamuzi wake umeshalegea. Mzunguko wa nne unaombwa kwa sababu hiyo. Tatu zinatosha, na funguo za gari zikae kwa asiyekunywa.

Glasi zikiisha usizioshe mara moja. Ziache mezani robo saa, kisha nusa. Kileo kimeshatoka, na kwenye glasi ya añejo iliyopikwa kwa uaminifu utakuta agave ya tanuri, mbao kavu na kitu kama asali. Iliyotiwa vikolezo mara nyingi inanukia sharubati ya vanila peke yake, na hapo unajua chupa ipi usinunue tena.